Mwaka Niliofunua Chungu cha Mama Somoe

Nilikuwa kwenye foleni ya kuhakikiwa wastaafu pale Masasi, nimekaa kwenye benchi la mbao na bahasha yangu mapajani, nilipoambiwa kwamba Mama Somoe amefariki. Aliyeniambia ni mwalimu mstaafu mwenzangu, mtu tuliyewahi kufundisha naye Newala. Aligeuka akaniuliza kama namkumbuka yule mama aliyekuwa akipika uji pale shuleni, maana amezikwa Chiwata wiki iliyopita. Aliisema habari hiyo kama mtu anayepitisha muda, kisha akarudi kulalamikia magoti yake. Nikamjibu kwamba namkumbuka. Sikumwambia kwamba sijapata kuinua kifuniko cha sufuria, hata iliyo yangu mwenyewe, bila huyo mama kunijia akilini. Nilipofika dirishani, karani kijana aliniuliza jina langu mara mbili.

Nilipangiwa Newala nikiwa binti wa miaka ishirini na nne, mwezi wa pili, nikitokea Njombe. Nilifika nikidhani nakwenda kwenye joto la pwani, nikakuta mji ulio juu ya uwanda, ambao ukifika mwezi wa sita ukungu hupanda asubuhi kutoka bondeni na kuingia hadi darasani, watoto wakaandika kwa mkono mmoja, wa pili wameuficha ndani ya shati. Chumba nilipata kwa Mama Somoe. Kilikuwa chumba cha uani, kuta zake za udongo zimepakwa chokaa, kitanda cha kamba, meza moja yenye mguu uliofungwa kipande cha mpira, na dirisha dogo lililotazama jikoni moja kwa moja. Kwa dirisha hilo nilisikia kila kitu cha nyumba ile: mchi ukigonga kinu, Mama Somoe akimwita bintiye, wawili hao wakicheka kwa Kimakonde ambacho sikukielewa. Mama Somoe alikuwa mjane wa miaka arobaini na kidogo, mrefu, mwenye nembo mbili za chale shavuni, na alikuwa na namna ya kukutazama akisubiri umalize kusema hata ukiwa umeshamaliza. Somoe mwenyewe alikuwa darasa la nne, darasa langu. Shuleni alinisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," na nyumbani akanisalimu tena upya kama hatujaonana.

Ulikuwa mwaka wa njaa, na pia mwaka ambao watu walipenda kusema, "Siku hizi ni ruksa." Ruksa kuuza mitumba barabarani, ruksa kufungua duka kwenye kibaraza chako, ruksa kwa wanunuzi wapya kuja na malori yao hadi mlangoni na kubeba korosho zote hadi ya mwisho. Msimu uliotangulia watu walikuwa wameuza kwa furaha, wakanunua redio na mabati, halafu mvua ikakata na mihogo ikakauka. Kufikia mwezi wa tano redio zilikuwa zinaimba kwenye nyumba ambazo watu wake wako porini wanachimba ming'oko, ile mizizi ya msituni ambayo huchemshwa na kuliwa moto na ambayo mimi, mgeni, niliipenda mpaka nilipogundua kwamba wenzangu hawali kingine. Ndipo shule ikaletewa chakula cha msaada: unga wa njano, maharage, na mafuta ya kupikia kwenye makopo makubwa ya bati. Mama Somoe akachukuliwa kuwa mpishi wa uji. Watoto waliokuwa wametoroka walirudi. Nakumbuka asubuhi ya kwanza, darasa zima limekaa kimya kabisa, harufu ya uji inaingia na ukungu, na mimi nikiandika hesabu ubaoni nikijua hakuna anayeisoma.

Kila Jumamosi mchana tulikwenda kwa Mwalimu Mkuu. Huyu tulimwita Baba Tumaini, mgeni kama mimi, mtu mpole, nadhifu, ambaye hajapata kumpandishia mtu sauti. Mdogo wake alikuwa baharia na alikuwa amemletea televisheni, deki ya video na jenereta ndogo, pamoja na kasha la kanda. Mji wetu haukuwa na matangazo ya televisheni wakati huo. Kilichokuwapo ni kanda zile, na kanda zote zilikuwa za tamthilia moja, ya polisi mpelelezi wa mji fulani wa Ulaya wenye milima na theluji. Tamthilia ilitolewa kwenye riwaya, na vitabu vitatu kati ya hizo riwaya vilikuwa juu ya kabati la Mwalimu Mkuu, vimekunjamana kwa maji ya bahari. Walikuja walimu, majirani, muuza duka na mkewe. Mama Tumaini alipitisha mandazi kwenye sinia. Mimi nilikaa kando ya televisheni, nikiwa na kazi yangu: kutafsiri. Kiingereza changu ndicho kilichokuwa bora kuliko cha wote, na nilikuwa nalijua hilo.

Mpelelezi yule hakukimbizana na mtu wala kupiga bastola. Aliingia jikoni kwa watu. Kila kipande kilikuwa na jiko lake: la tajiri, la kasisi, la mjane wa mchimba madini. Alikaa mezani, akaomba chakula, na mwenye nyumba alipogeuka, yeye alisimama akafunua sufuria. Mvuke ukapanda ukafunika kioo chote, na pale sebuleni watu thelathini wakanyamaza. Ungeweza kusikia mate yakimezwa. Kisha sauti moja kutoka nyuma ikauliza, "Mwalimu, hicho ni nini?" Nikawaeleza: supu ya kabichi, mkate wa ngano nyeusi, samaki wa mtoni aliyekaangwa kwa siagi. Ilipokuja nyama ya nguruwe nilisema ni ya ng'ombe, maana nusu ya waliokaa pale ni Waislamu na nilitaka waendelee kufurahia. Hakuna aliyejua. Katika sufuria ndimo mpelelezi alimokuta ukweli. Mwanamke aliyedai kuishi peke yake alikuwa amepika cha watu wawili. Mtu aliyedai hajatoka kijijini alikuwa ametia kiungo cha mjini. Nilianza kumpenda mtu yule kwa namna ambayo leo naona aibu kuisema. Nilianza kutembea kama yeye, polepole, mikono nyuma.

Mama Somoe alikuja mara moja tu. Alikaa karibu na mlango, akatazama hadi pale mpelelezi alipofunua chungu cha yule mjane, akainuka akaenda zake. Usiku huo wakati ananitengea ugali wa makopa, ile mihogo iliyokaushwa, nilimuuliza kama hakuipenda filamu.

"Yule mtu hana adabu," alisema. "Unaingiaje jikoni kwa mtu ukafunua chungu chake? Si aulize tu, ataambiwa."

"Anaweza kudanganywa, Mama Somoe."

"Basi adanganywe. Kudanganywa si msiba."

Nilicheka. Nilifikiri anazungumza hivyo kwa sababu hakusoma.

Mwezi wa saba uji ukaanza kuwa mwepesi. Kwanza tulidhani ni mkono wa mpishi. Halafu zikapita siku mbili bila uji kabisa, na mtoto mmoja wa darasa la kwanza akaanguka mstarini. Mwalimu Mkuu alituita ofisini, akasema kwa ile sauti yake ya chini kwamba chakula kinapungua stoo, kuna mkono wa mtu, na kila mmoja wetu awe macho. Mimi nikatoka pale kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Kwa maana kulikuwa na jambo nililoliona. Kwa wiki kadhaa mboga za Mama Somoe zilikuwa zimebadilika. Wakati majirani wanakula kisamvu cha chumvi na maji, cha kwake kilikuwa kizito, kinang'aa, kina utamu wa mafuta unaobaki mdomoni. Nilikuwa nakula na kushukuru bila kujiuliza. Sasa nikajiuliza.

Siku moja nilirudi mapema. Mama Somoe na bintiye walikuwa wameteremka bondeni kuchota maji, safari ambayo huchukua nusu ya siku. Niliingia jikoni. Nakumbuka mwanga ulivyopenya kwenye makuti, majivu yaliyofagiliwa vizuri, kanga iliyoanikwa kwenye kamba. Chungu kilikuwa juu ya mafiga. Nikafunua. Kisamvu kilikuwa na weupe fulani juu yake, na mafuta yamejikusanya pembeni. Nikachovya kidole, nikaonja. Nyuma ya mlango kulikuwa na makopo mawili ya mafuta ya msaada, yenye maandishi yaleyale ya makopo ya stoo. Sikuyainua kuona kama yana kitu. Nilikuwa nimeshajua, nami nikarudisha kifuniko na kutoka, mikono nyuma.

Nilimwambia Mwalimu Mkuu kesho yake. Alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu. Nilidhani anahuzunika.

"Una hakika, Mwalimu?"

"Nimeona kwa macho na nimeonja."

"Utaweza kuyasema haya mbele ya wazazi?"

Nikasema nitaweza. Sasa najua ule ukimya ulikuwa wa nini, lakini nisiruke.

Wazazi walikusanyika katika darasa la saba, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto. Nikasimama nikaeleza kama nilivyozoea kueleza Jumamosi, hatua kwa hatua, kwanza utamu wa mboga, kisha chungu, kisha makopo. Nilisema vizuri. Watu walinisikiliza kama wanaotazama filamu. Nilipomaliza, Mama Somoe alisimama, kanga ameikaza kifuani.

"Makopo yale ni matupu," alisema. "Kopo likiisha mpishi hupewa. Naweka maji. Mwalimu Mkuu ndiye aliyenipa kwa mkono wake."

Watu wakamtazama Mwalimu Mkuu. Yeye alikuwa anaandika kwenye daftari lake, hakuinua kichwa.

"Na mafuta kwenye mboga?" nikauliza.

"Korosho, mwanangu. Nabangua, natwanga, nakamua tui lake, natia kwenye kisamvu. Nabangua ukiwa shuleni kwa sababu moshi wa maganda unawasha macho, nami sikutaka uumie."

Mtu yeyote wa uwanda ule alijua tui la korosho. Mimi peke yangu ndiye nisiyejua. Ningenyamaza pale, labda jambo lingeisha. Lakini mzee mmoja akauliza, "Korosho za wapi mwezi huu? Sisi sote tumeuza." Mama Somoe akajibu kwamba yeye hakuuza zote, alibakiza gunia akalificha darini, kwa kuwa mama yake alimfundisha hivyo. Niliona nyuso zikibadilika. Walikuwa na njaa, walikuwa wameuza hadi ya mwisho, na hapa mjane mmoja anawaambia kwamba alikuwa na akili kuliko wao na amekuwa akila vizuri miezi yote hii. Ilikuwa rahisi zaidi kwao kumwona mwizi. Mtu akasema, "Mwalimu hawezi kusema uongo." Mwingine akaitikia. Mama Somoe akanigeukia mimi, si wao.

"Umekula kwangu miezi mitano," alisema. "Ungeniuliza."

Akaachishwa kazi siku hiyohiyo. Jioni alinitengea chakula kama kawaida, akanisubiri nimalize, akaosha vyombo. Asubuhi alisimama mlangoni pangu. "Tafuta chumba kingine, Mwalimu. Siwezi kumpikia mtu anayepima." Nilihamia kwenye chumba cha uani kwa Mwalimu Mkuu. Darasani watoto wakamtungia Somoe wimbo wa mwizi wa uji, wakawa wanauimba kwa minong'ono ninapogeukia ubaoni. Niliwachapa wawili. Haikusaidia. Mwezi wa tisa kiti chake kikawa kitupu, nikasikia kwamba mama yake amemchukua wamehamia Chiwata kwa ndugu. Katika rejista nilimwandikia "ameacha".

Uji haukurudi kuwa mzito. Hilo nililiona, na nikajitafutia sababu. Kisha ikafika Jumamosi moja, mchana kweupe, nimeketi kwenye kizingiti cha chumba changu kipya nasoma riwaya ya tatu. Pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa Masasi iliingia uani kwa kinyumenyume. Dereva akateremsha madumu mawili ya petroli akayaweka karibu na jenereta. Mwalimu Mkuu akafungua chumba cha pembeni, na yeye mwenyewe, bila kumwita mtu, akapakia makopo manne ya mafuta yaliyojaa na magunia ya unga wa njano, kisha akafunika turubai. Alipoinuka akaniona. Hakushtuka. Alinitazama kama mtu anayemtazama mwenzake kazini, akasema, "Tunaanza saa tisa, Mwalimu. Leo kuna kipande kizuri." Jikoni Mama Tumaini alikuwa anakaanga mandazi, na kando ya jiko lilisimama kopo la bati lenye maandishi yale, nalo halikuwa tupu. Nilikuwa nimekula mandazi hayo kila Jumamosi. Mimi niliyeonja tui la korosho katika chungu cha maskini nikaliita wizi sikuwa nimetambua mafuta ya watoto katika mandazi ya Mwalimu Mkuu, kwa sababu sikutaka kuyaonja kwa namna ile. Na mwanga ule wa televisheni, theluji, milima, supu zile zote, vilikuwa vinatokana na petroli, na petroli inatokana na uji.

Watu wakaja. Jenereta ikaunguruma. Nikakaa mahali pangu kando ya televisheni nikatafsiri kipande kizima, mwanzo hadi mwisho, bila kukosea. Sinia liliponifikia nilichukua andazi nikalila. Barua yangu ya kupendekezwa kwenda chuo ilikuwa mezani kwa Mwalimu Mkuu, haijatiwa sahihi. Sikupata kumwambia mtu yeyote. Mwezi wa kumi na moja alisaini, nikaondoka Newala, nikasoma, nikapanda vyeo, nikawa mwalimu mkuu mimi mwenyewe, nikawa mkali sana juu ya stoo. Yeye aliugua akafa miaka michache baadaye, na walimsifu sana kwenye mazishi.

Riwaya ile ya tatu niliimaliza chuoni. Humo nilikuta jambo ambalo tamthilia ililiacha. Katika kitabu, kabla mpelelezi hajagusa kifuniko chochote, hukaa kurasa nyingi akizungumza na watu, akiwauliza habari za mama zao, nani aliwafundisha kupika, wanakula nini wakiwa na huzuni. Waliotengeneza filamu waliyakata hayo yote kwa kuwa hayana mvuke. Sisemi hivyo ili kuitupia filamu lawama. Vitabu vilikuwa juu ya kabati tangu mwanzo, na Mama Somoe alikuwa ng'ambo ya dirisha langu.

Nilikwenda Chiwata siku ya arobaini. Nilimtambua Somoe kwa ule utazamaji wa mama yake. Alikuwa mama wa watu wazima sasa, mikono yake mieusi vidoleni kwa mafuta ya maganda ya korosho, anaongoza wapishi uani bila kupaza sauti. Alinisalimu, "Shikamoo, Mwalimu," kabla sijajitambulisha. Nikaomba tukae pembeni. Tukakaa nyuma ya nyumba, kwenye mkeka, nami nikamwambia yote: kidole changu, makopo, pikapu, andazi, barua. Ilinichukua muda mrefu, na hakunikatiza.

"Mama alikuwa anajua," alisema mwishowe. "Alimwona Mwalimu Mkuu akitoa magunia tangu mwezi wa sita."

"Kwa nini hakusema siku ile?"

"Aseme yeye, mpika uji, juu ya Mwalimu Mkuu? Alisema, yule binti wa Njombe ana macho, ataona mwenyewe, akiona atasema. Tulikaa Newala hadi mwezi wa tisa tunakusubiri."

Kutoka uani ilikuja sauti ya masufuria na watoto wakifukuzwa kwenye moto. Nikamwomba anisamehe. Somoe akafuta mikono yake kwa kanga, kidole kimoja kimoja.

"Mimi sijui, Mwalimu. Nilitaka kuwa nesi. Hilo siwezi kukwambia limekwisha." Akasimama. "Lakini uani pale kuna wazee wanne waliokuwa kwenye darasa la saba siku ile. Wamekuja kwa gari kutoka Newala kumwombea mama yangu, na bado wanaamini kwamba aliiba. Ulisimama mbele yao ukasema. Dua ikiisha, simama tena."

Dua ikaisha. Sheikh akafunga kitabu, watu wakaanza kujisogeza wakae vizuri kwa chakula, wanaume upande wa kivuli cha nyumba, wanawake upande wa jiko. Nikasimama katikati. Sikuwa na mahali pa kuweka mikono. Nilisema jina langu, nikasema mwaka ule nilikuwa mwalimu Newala, na kwamba Mama Somoe hakuchukua hata kijiko cha mafuta. Aliyechukua ni Mwalimu Mkuu, mimi niliona, nikanyamaza, nikala. Sikueleza vizuri kama mara ya kwanza. Maneno yalitoka yakiwa yamepinda. Wazee wanne walitazama chini. Bibi mmoja kikongwe, aliyeketi mbali karibu na masufuria, mkono umekingwa sikioni, akaita:

"Sema tena, mwanangu. Huku nyuma hatukusikia."

Nikamtazama Somoe. Alikuwa ameshika upawa, hajaanza kupakua. Nikageuka nikawaelekea wa nyuma, nikasema tena.